Sherlock ya BBC: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukiipenda tamthilia hii na watu wakajua, utaulizwa. Maswali ni yale yale, sebuleni, kwenye daladala, kwenye makundi ya WhatsApp, nami nimeyajibu vipande vipande kwa miaka. Hapa nimeyakusanya. Majibu yanayotoboa siri ya hadithi nimeyawekea alama, ili asiyetazama bado ayaruke.

Hii Sherlock ni ipi? Mbona ziko nyingi?

Ni ile ya BBC ya Uingereza, iliyoanza kuonyeshwa tarehe 25 Julai 2010. Benedict Cumberbatch ni Sherlock Holmes, Martin Freeman ni Dakta John Watson, na mambo yote yanatokea London ya leo, yenye simu za mkononi na kamera za barabarani. Kuzichanganya si ajabu. Mwaka 2012 Guinness, wale wa kitabu cha rekodi za dunia, walihesabu kwamba Holmes alikuwa ameigizwa mara 254 katika filamu na televisheni, kuliko binadamu mwingine yeyote aliyetoka vitabuni. Ile ya Robert Downey Jr. ni filamu ya sinema ya mwaka 2009, na ile ya New York yenye Watson mwanamke inaitwa Elementary. Nitaigusa huko mbele.

Nani aliyeibuni, na wazo lilitoka wapi?

Steven Moffat na Mark Gatiss. Walikuwa waandishi wa Doctor Who, tamthilia nyingine ya BBC, na kazi hiyo iliwapandisha treni mara kwa mara kutoka London kwenda Cardiff, Wales. Njiani walikuwa wakizungumza kuhusu Holmes, maana wote wawili walimpenda tangu utotoni, na walikubaliana kwamba mtu fulani angepaswa kumleta katika zama zetu. Mtayarishaji Sue Vertue, mke wa Moffat, ndiye aliyewasukuma waache maneno na wafanye wenyewe kabla hawajatanguliwa. Gatiss hakuishia kwenye kuandika: yeye ndiye Mycroft, kaka mkubwa wa Sherlock.

Kwa nini wamemtoa Holmes karne ya 19? Si ni kumharibu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa ukali zaidi, hasa na waliosoma vitabu shuleni. Mimi naona ni kinyume chake.

Arthur Conan Doyle alipotoa A Study in Scarlet mwaka 1887 hakuwa akiandika hadithi za kale. Alikuwa akiandika habari za mji aliokuwa akiujua, wakati ule ule. Holmes wake anatuma telegramu kutwa, anapanda treni, anachambua magazeti ya asubuhi, anafanya majaribio ya kemia yaliyowashangaza polisi. Kwa msomaji wa siku zile alikuwa kijana anayeijua teknolojia kuliko serikali. Ukungu, taa za gesi na magari ya farasi vimekuwa pambo kwetu tu, kwa sababu tunavitazama kutoka mbali. Kumpa simu ya mkononi ni kumrudishia kile alichokuwa nacho: kuwa mtu wa leo.

Kisha kuna Afghanistan. Katika kitabu, Watson ni daktari wa jeshi aliyejeruhiwa kwenye vita vya Maiwand mwaka 1880, akarudi London mgonjwa, mpweke na mwenye fedha kidogo. Mwaka 2010 madaktari wa jeshi la Uingereza walikuwa wakirudi kutoka nchi ile ile wakiwa na majeraha. Waandishi hawakuhitaji kubuni chochote. Miaka 130 imepita, na Watson anashuka kutoka vita vya mahali pale pale. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilisimamisha picha nikakaa kimya kwa muda.

Ni lazima niwe nimesoma vitabu kwanza?

Hapana. Ila aliyesoma anakula mara mbili.

Mfano ni simu ya John. Katika The Sign of Four, riwaya ya mwaka 1890, Holmes anapewa saa ya mfukoni na kutokana na mikwaruzo iliyozunguka tundu la ufunguo wa kuijazia, anajua kwamba mwenye saa alikuwa mlevi: mkono wake ulikuwa ukitetemeka usiku. Kwenye tamthilia, saa imekuwa simu, na mikwaruzo imezunguka tundu la chaji. Hoja ni ile ile, neno kwa neno karibu. Lakini waandishi wamemwekea mtego msomaji pia. Holmes wa kitabuni alisema saa ni ya kaka, akapatia. Sherlock anasema simu ni ya kaka aitwaye Harry, akakosea, kwa kuwa Harry ni Harriet, dada yake John. Anayekijua kitabu anakosea pamoja na Sherlock, papo hapo.

Mwingine ni lile neno RACHE, ambalo marehemu anaachwa nalo kwenye kisa cha kwanza. Kitabuni polisi wanadhani ni jina Rachel ambalo halikumalizwa, na Holmes anawasahihisha kwamba ni neno la Kijerumani, maana yake kisasi. Kwenye televisheni mtaalamu wa polisi ndiye anayeleta Kijerumani, na Sherlock anamfungia mlango usoni: ni Rachel.

Vingine ni vidogo vidogo. Holmes alipima ugumu wa kesi kwa viko vya tumbaku, akasema moja ilikuwa ya viko vitatu. Sherlock amebandika plasta tatu za nikotini mkononi, kwa sababu London ya sasa haina pa kuvutia. Stamford, rafiki wa zamani, alimkuta Watson kwenye baa ya Criterion. Hapa wanakaa bustanini wakinywa kahawa, na jina Criterion limeandikwa kwenye vikombe. Hata kosa maarufu la Doyle, aliyeweka jeraha la Watson begani kwenye kitabu kimoja na mguuni kwenye kingine, limepatiwa dawa: John ana risasi begani, na mguu anaochechemea hauna kidonda chochote. Unauma kwa sababu moyo wake haujarudi nyumbani.

Mhusika mkuu ni nani kati yao wawili?

Jina la tamthilia ni Sherlock, lakini mimi humwambia kila anayeanza: mtazame John.

Tangu Doyle, sisi tumemjua Holmes kupitia kwa Watson. Yeye ndiye mwandishi wa habari zake, na akili ya Holmes ingekuwa baridi kama bati la asubuhi kama isingepita katika mikono ya mtu anayempenda. Tamthilia imelielewa hili. Haianzi na Sherlock. Inaanza na John akishtuka usingizini kutoka kwenye ndoto ya vita, katika chumba kisicho na kitu, na mkongojo wake pembeni. Mshauri wake wa afya ya akili amemwambia aandike blogu kuhusu maisha yake, naye anasema hakuna kinachomtokea.

(Hapa natoboa kidogo sehemu ya kwanza.) Usiku wa kwanza wanamkimbiza dereva teksi, wanaruka mapaa, wanakatiza vichochoro, wanarudi nyumbani wakihema na kucheka. Mlango unagongwa. Ni Angelo, mwenye mgahawa walikokuwa wameketi, amemletea John mkongojo wake aliousahau. John anautazama, kisha anaitazama miguu yake. Amekimbia nusu ya mji bila kukumbuka kwamba yeye ni kilema. Hakuna uchunguzi wa Sherlock katika misimu yote minne unaonigusa kama dakika ile.

Na deni linalipwa pande zote mbili. Sherlock naye alikuwa mtu asiye na mwenzake, polisi wakimtumia na kumkejeli. Mtu wa kwanza kusikia maelezo yake na kusema kwa dhati kwamba ni ya ajabu na mazuri mno, ni John. Sherlock anashtuka. Watu kwa kawaida humwambia atoke mbele yao. Ndiyo maana hawa wawili wanaitana John na Sherlock, ilhali kitabuni, kwa adabu ya zama zile, ni Holmes na Watson hadi mwisho.

Ziko sehemu ngapi?

Kumi na tatu. Misimu minne yenye sehemu tatu kila mmoja (2010, 2012, 2014 na 2017), na moja ya pekee, The Abominable Bride, iliyoonyeshwa tarehe 1 Januari 2016 na kuwarudisha wote wawili katika mwaka 1895. Kila sehemu ni kama dakika 90, yaani filamu kamili. Tenga jioni nzima.

Nimesikia kuna sehemu iliyofichwa. Ni kweli?

Haikufichwa, ila haikurushwa hewani. Mwaka 2009 walipiga sehemu ya majaribio ya dakika 60. BBC walipoiona waliamua wanataka hadithi ndefu zaidi, za dakika 90, basi kisa kile kile kikaandikwa na kupigwa upya. Ile ya kwanza iliwekwa kwenye DVD ya msimu wa kwanza. Itafute ukishamaliza msimu huo, uone jinsi mkono wa mwongozaji unavyoweza kubadili hadithi ile ile. Paul McGuigan alipoichukua alileta jambo lililoigwa baadaye kila mahali: meseji na mawazo ya Sherlock kuandikwa hewani, juu ya picha yenyewe, badala ya kutuonyesha kioo cha simu.

Nikifika London, nyumba ya 221B ipo?

Ipo, na haipo. Doyle alipoandika, namba za Baker Street hazikufika 221. Mtaa uliporefushwa na kupangiwa namba mpya miaka ya 1930, namba hiyo iliangukia ndani ya jengo la taasisi ya fedha, Abbey National, ikawa inapokea barua za watu wanaomwomba Holmes msaada, mpaka ikaweka karani wa kuzijibu. Leo Jumba la Makumbusho la Sherlock Holmes liko mtaa huo huo na lina kibao cha 221B mlangoni, ingawa ukihesabu milango kwa utaratibu liko kati ya 237 na 241.

Mlango mweusi unaouona kwenye tamthilia si huo wala hauko Baker Street. Ni namba 187 North Gower Street, karibu na stesheni ya Euston, kwa kuwa Baker Street yenyewe ina magari mengi na mabango ya Holmes kila kona. Mkahawa wa Speedy's ulio chini ni mkahawa wa kweli. Ndani ya nyumba, ile sebule yenye fuvu juu ya meko, ilijengwa studio huko Wales.

Mama mwenye nyumba, Mrs Hudson, ni nani?

Una Stubbs, aliyefariki Agosti 2021. Alikuwa rafiki wa mama yake Cumberbatch na alimjua tangu akiwa mtoto mdogo, na ukilijua hilo, namna anavyomfokea kuhusu vidole vya maiti kwenye friji inakuwa na joto jingine. Tena wazazi wa Sherlock tunaowaona msimu wa tatu ni wazazi wake Cumberbatch wa kumzaa, Wanda Ventham na Timothy Carlton, waigizaji wote wawili.

Mbona havai ile kofia ya mwindaji, na hasemi "elementary, my dear Watson"?

Sentensi hiyo, kwa mpangilio huo, haimo katika riwaya 4 wala hadithi fupi 56 za Doyle. Kofia nayo ilikuzwa na mchoraji Sidney Paget, aliyechora picha za hadithi kwenye jarida la Strand. Kwenye tamthilia Sherlock ananyakua kofia yoyote aliyoiona ili kuwakwepa wapiga picha, magazeti yanaitoa, na toka siku hiyo haachwi nayo. Kile wanachotuonyesha ndicho kilichomtokea Holmes wa kweli wa vitabuni: picha moja imeshika, na mhusika hana tena uwezo wa kuikataa.

Sherlock ni mgonjwa wa akili? Anajiita "sociopath".

Anajiita hivyo, yaani mtu asiyejali hisia za wengine, yeye mwenyewe. Hakuna daktari aliyemwambia. Mimi nalichukulia kama ngao. Mtu asiyejali hajitupi kutoka juu ya jengo kwa ajili ya rafiki zake, wala haduwai kama jiwe anapoombwa kuwa mpambe wa bwana harusi kwa sababu hakuwahi kudhani kwamba kuna mtu angemwita rafiki yake mkubwa. Hotuba yake kwenye harusi ile, msimu wa tatu, inaanza kwa matusi na inaishia watu wakifuta machozi. Usiwapachike watu wa kweli jina hilo kwa kumwiga yeye.

Je, wao ni wapenzi?

Hapana. Ndani ya tamthilia kila mtu anawadhania, kuanzia Mrs Hudson, na John anachoka kukanusha. Waandishi nao wamekana waziwazi. Wapo mashabiki wengi waliosoma vinginevyo na walioumia msimu wa nne ulipoisha bila kuwapa walichotarajia, na siwalaumu, maana mzaha ule ulirudiwa mara nyingi mno kuliko ilivyohitajika. Kwangu, urafiki wa watu wazima wawili wanaoshibana kama chanda na pete ni jambo adimu katika televisheni, na linatosha.

Naweza kutazama na watoto?

Wenye umri wa kati wa ujana, ndiyo, ukiwa karibu. Kuna maiti, bunduki na dawa za kulevya. A Scandal in Belgravia, sehemu ya kwanza ya msimu wa pili, ina mwanamke aliye uchi na mazungumzo ya biashara ya ngono. Hiyo waweke kando.

Ipi ni dhaifu kuliko zote?

Katika misimu ya mwanzo ni The Blind Banker. Si kwa sababu ya fumbo lake, bali kwa jinsi inavyowaonyesha Wachina wa London: wasarakasi, wauaji, walanguzi, karibu wote ndani ya genge moja. Doyle aliandika hivyo kuhusu wageni na nilimsamehe kwa zama zake. Mwaka 2010 hapakuwa na sababu. Inafurahisha kwamba China ndiko walikopata mashabiki wenye mapenzi makubwa, waliowapa hawa wawili majina ya utani yanayomaanisha Fu mwenye nywele za mawimbi na Karanga.

Aliponaje baada ya kuruka kutoka hospitali? (Siri kubwa. Ruka kama hujafika mwisho wa msimu wa pili.)

Jengo ni hospitali ya St Bartholomew, London, ile ile ambako Holmes na Watson walikutana kwa mara ya kwanza katika kitabu cha mwaka 1887, kwa hiyo urafiki unaonekana kuishia mahali ulipoanzia. Sehemu yenyewe inaitwa The Reichenbach Fall, kwa kukumbuka maporomoko ya Uswisi ambako Doyle alimuua Holmes mwaka 1893. Doyle alikuwa amemchoka. Wasomaji hawakumkubalia, na mwaka 1903 akamfufua.

Sisi tulisubiri miaka miwili, kuanzia Januari 2012 hadi Januari 2014. Tulirudia video ile polepole, tukapima lori la taka, mwendesha baiskeli aliyemgonga John, mpira uliokuwa maabara. The Empty Hearse inatoa maelezo matatu: mawili ni ndoto za mashabiki, la tatu analitoa Sherlock mwenyewe, lenye mto mkubwa wa hewa, maiti iliyofanana naye na mpira uliobanwa kwapani ili mapigo ya mkono yasisikike. Anayeambiwa hayo, Anderson, yule mtaalamu wa polisi wa kisa cha RACHE, haridhiki nayo. Wengi waliona tumedanganywa. Mimi nasema maelezo ya tatu yanakubaliana na kila tulichokiona, na siyo kiini cha sehemu hiyo. Kiini ni John mezani, mgahawani, akimtazama marehemu aliyevaa kama mhudumu, na ngumi inayofuata. Alikaa miaka miwili akiomboleza mtu aliye hai. Ndilo swali alilouliza: si uliponaje, bali kwa nini hukuniambia.

Msimu wa nne ulikosea wapi?

Ulimsahau John kwa muda mrefu. The Lying Detective, akiwemo Toby Jones kama tajiri mwovu, ni kati ya kazi zao bora, kwa kuwa inahusu wawili wanaojaribu kusameheana. Lakini The Final Problem inahamia kwenye ngome kisiwani na michezo ya kutisha, na London, teksi na meza ya chai zinatoweka. Juu ya hayo, toleo lenye sauti za Kirusi lilivuja mtandaoni kabla ya siku ya kuonyeshwa, tarehe 15 Januari 2017.

Na Elementary je? Ni wezi wa wazo?

Wazo si la mtu mmoja. Hakimiliki ya Doyle Uingereza iliisha pamoja na mwaka 2000, miaka 70 baada ya kifo chake, na Marekani hadithi za mwisho zilikuwa huru mwanzoni mwa 2023. Elementary ilianza 2012 ikafika sehemu 154, ikiwa na Jonny Lee Miller na Lucy Liu kama Joan Watson, aliyekuwa daktari wa upasuaji. Ni tamthilia njema, tena inamheshimu Watson kuliko nyingine nyingi. Miller na Cumberbatch walikuwa marafiki wa jukwaani: mwaka 2011 walipokezana nafasi mbili za Frankenstein katika National Theatre, London.

Sisi Waswahili tuna Holmes na Watson wetu?

Tunao, tena wa kujivunia. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimbuni Bwana Msa, mpelelezi mtulivu mwenye kiko mdomoni, na rafiki yake Najum wa kufuatana naye. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957–58 na kuchapishwa mwaka 1960. Athari ya Doyle haijifichi, lakini mitaa, lugha na visa ni vya Unguja, na Kiswahili chake kinateleza kama mafuta ya nazi. Kabla hujasema kumhamisha Holmes ni kumharibu, kumbuka mwandishi wetu alijifunza kwake akapata mtu wetu kabisa nusu karne kabla ya BBC.

Ilipata tuzo?

Nyingi. BAFTA ya tamthilia bora mwaka 2011, na za waigizaji wasaidizi kwa Freeman mwaka huo na Andrew Scott, yaani Moriarty, adui mkuu wa Sherlock, mwaka uliofuata. Mwaka 2014 Cumberbatch, Freeman na Moffat walichukua Emmy, kila mmoja yake, kwa sehemu iitwayo His Last Vow.

Nikitaka kusoma Doyle baada ya kutazama, nianzie wapi?

Usianze na riwaya. Anza na mkusanyo wa kwanza wa hadithi fupi, ule wa mwaka 1892, ambao kila hadithi inamalizika kwa kikao kimoja. Soma A Scandal in Bohemia, halafu ile ya watu wenye nywele nyekundu, ambamo utavikuta vile viko vitatu. Kisha rudi A Study in Scarlet. Usome taratibu ukurasa wa kwanza, Watson anapoeleza jinsi alivyorudi kutoka vitani akiwa hana ndugu hata mmoja Uingereza.